Mtoto wa miezi 9 ameacha kulala usiku: meno, njaa, au tumemdekeza?

#1 Nusu_Usingizi
Habari zenu wakuu. Naandika haraka kabla hajaamka.

Binti yetu ana miezi 9 na siku kadhaa. Tangu miezi 5 alikuwa analala saa 2 usiku, ananyonya mara moja saa 9, basi mpaka kunakucha. Tukawa tunajisifu kwa watu. Sasa hii ni wiki ya tatu anaamka kila baada ya saa moja au saa moja na nusu. Na si ile ya kugeuka na kulia kidogo. Nikiwasha taa namkuta amesimama wima kitandani kwake, kashika ukingo kwa mikono miwili, analia macho yamefumba. Nikimbeba, kimya. Nikimlaza, kasimama tena.

Mama mkwe anasema ni meno. Mume wangu anasema tumemdekeza, aachwe alie. Jirani anasema maziwa yangu yamekuwa mepesi, hayashibishi. Mimi sina hata kauli, maana juzi usiku nimeshtuka nabembeleza mto huku mtoto yuko kwa baba yake. Tusaidiane.

#2 MamaPacha
Meno hayo, usitafute mchawi. Udenda unamtoka? Anatafuna kila kitu? Wangu wote wawili walinikesha hivyo hivyo, meno mawili ya chini yalipotoka usingizi ukarudi wenyewe. Lowanisha kitambaa safi, kiweke kwenye friji kipoe (usikigandishe), mpe atafune kabla ya kulala.

#3 Fundi_Mitego
Kuna ile dawa ya kupaka kwenye fizi inayotia ganzi. Dakika mbili tu, kimya mpaka asubuhi.

#4 Nesi_Mstaafu
#3 hapana, tafadhali. Kama ina benzokaini, kemikali ya kutia ganzi, usimpake mtoto. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya mwaka 2018 kwamba zisitumike kwa watoto walio chini ya miaka 2, kwa sababu zinaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Ni nadra, lakini likitokea ni la kukimbizana na dakika. Na faida yenyewe ndogo, udenda unaiosha upesi.

#2, kitambaa baridi nakubaliana nacho kabisa. Udenda je? Huo huanza miezi 3 au 4 kwa watoto wengi, hata wale ambao jino la kwanza litakuja baada ya kutimiza mwaka. Meno ya utotoni ni 20 na hukamilika mtoto akikaribia miaka 3. Ukisema kila usiku mbaya ni jino, utakuwa na jibu la kutumia miaka miwili na zaidi bila mtu kukupinga.

#5 MamaPacha
Shikamoo nesi. Mimi sikusoma, nilikesha.

#6 Nesi_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Na mimi nilikesha, tena na watano. Sijasema jino haliumi. Linasumbua siku chache kabla ya kuchomoza na siku chache baadaye, na joto linaweza kupanda kidogo tu. Lakini wiki tatu mfululizo, jino lenyewe halionekani? Hapo naanza kutazama pengine.

#7 Baba_Wawili
Naomba nitie neno kwenye hili la meno, maana liliniponza.

Mdogo wetu alianza hivi hivi na miezi 10. Nyumba nzima meno. Akapata joto la 39, tukasema ni jino. Akawa anavuta sikio, tukaambiwa fizi na sikio ni majirani, jino linatuma maumivu juu. Usiku anatulia akibebwa wima tu, ukimlaza anapiga kelele. Siku ya nne asubuhi nanyanyua mto wake nakuta doa la njano, limekauka pembeni na katikati bado bichi. Usaha. Ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka usiku. Daktari alisema sikio lenye maambukizi mara nyingi huuma zaidi mtoto akilala, ndiyo maana begani alikuwa anapata nafuu.

Imepona vizuri, anasikia mpaka tunayomficha. Lakini Nusu_Usingizi, wewe umesema akibebwa anatulia. Mpeleke akaangaliwe masikio.

#8 Kidawa_K
#7 umenitisha. Wa kwangu anavuta masikio tangu ana miezi 6 na hajawahi kuumwa.

#9 Nesi_Mstaafu
Kuvuta sikio peke yake hakusemi kitu, wengine ndiyo wamegundua kwamba wanalo. Kuvuta sikio pamoja na homa, mafua, kukataa kunyonya, au kulia kila anapolazwa, hilo ndilo la kupeleka. Na joto la 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 3 ni la kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata akicheka.

#10 Nusu_Usingizi
Nimempima, 36.8. Hana mafua, mchana anakula, anacheza, anatambaa kama anafukuzwa. Hata hivyo kesho nampeleka, sitaki kuja kukumbuka #7 usiku.

#11 Kauzu
Mume wako yuko sahihi, ila hakuna atakayemuunga mkono humu. Mtoto akilia anabebwa, ananyonyeshwa. Wewe ungeacha? Sisi tulihakikisha ameshiba, mkavu, mzima, tukamlaza akiwa macho tukatoka. Usiku wa kwanza dakika 50. Wa pili 20. Wa tatu alinung'unika tu. Sasa ana miaka 4 na hanichukii.

#12 Kidawa_K
Jina limekufaa. Dakika 50 mtoto analia, wewe umekaa wapi?

#13 Kauzu
Nilikaa chini nje ya mlango, mke wangu kanishika shati kwa nyuma ili nisiingie, na yeye mwenyewe analia. Sikusema ilikuwa rahisi. Nimesema ilifanya kazi.

#14 Kidawa_K
Kwangu haikufanya kazi. Tulijaribu usiku mmoja, akalia mpaka akatapika, nikasema basi. Baadaye tukafanya ile ya kukaa kwenye kiti karibu na kitanda bila kumbeba, namgusa tu mgongo, na kila siku kiti kinasogea hatua moja kuelekea mlangoni. Ilichukua kama wiki tatu. Kiti kikaishia sebuleni.

#15 Mwalimu_Chekechea
Mnabishana jinsi ya kumnyamazisha kabla ya kujua analilia nini. Miezi 8 na 9 ndipo mtoto anaanza kuelewa kwamba ukitoka mlangoni hukuyeyuka, uko mahali fulani bila yeye. Jean Piaget, mtafiti wa akili za watoto, aliliandika sana hili: mfiche mtoto wa miezi 4 kitu chake chini ya kitambaa, anageukia kingine. Mfiche wa miezi 9, anafunua kitambaa. Sasa kitu chake kikubwa kuliko vyote ni wewe, na usiku hakuna kitambaa cha kufunua.

Cheza naye mchana michezo ya kujificha na kutokea. Na ukiondoka muage, usitoroke akigeuka. Wanaotorokwa ndio wanaong'ang'ania zaidi.

#16 Msomaji_Tu
Marekebisho madogo kwa #15. Piaget alitegemea mtoto anyooshe mkono kutafuta. Watafiti wa baadaye, Renée Baillargeon akiwemo, walipima macho: mtoto anatazama kwa muda gani akionyeshwa jambo lisilowezekana. Wakaona dalili za kujua kwamba kilichofichwa bado kipo hata kwa watoto wa miezi 4 hivi. Kwa hiyo huenda hata wa miezi 4 anajua, ila hana mikono wala mpango.

#17 Mwalimu_Chekechea
Nimepokea. Lakini kumlilia aliyetoka chumbani bado kunaanza kushika kasi kwenye miezi 8 hadi 9, na wengine wanakwenda nako mpaka mwaka na nusu na zaidi. Hilo huniondolei.

#18 Bibi_Wajukuu_Saba
Watoto wangu, mmesoma bandiko la kwanza kweli? Mmekwenda kwenye meno, masikio, wazungu wawili, na hakuna aliyeshika neno moja alilosema mwenyewe: *amesimama*.

Mtoto anajua kusimama kabla hajajua kushuka tena akae. Anajivuta juu kwa mikono, hilo ni rahisi. Kushuka kunataka akunje magoti taratibu huku ameachia mkono mmoja, na hilo bado hajalijua. Usiku anazinduka kidogo, mwili unafanya kile ulichojifunza mchana, anajikuta wima gizani, miguu inachoka, hajui njia ya kurudi. Nyie mnasema deko.

Mchana mwache ashike kitu imara. Weka anachokipenda sakafuni, pembeni ya mguu wake. Akikitaka, mshike kiunoni, si mikononi, umsaidie kukunja magoti mpaka makalio yaguse chini. Rudia mpaka uchoke, halafu rudia tena. Na shusha godoro mpaka ngazi ya chini kabisa leo hii, kabla hajapitiliza ukingo.

#19 Nusu_Usingizi
Bibi, shikamoo. Nimesoma hili nikaenda kumwangalia. Alikuwa amejivuta kwenye stuli. Nikakaa kimya nimtazame. Alicheka dakika ya kwanza. Ya pili akaacha kucheka. Ncha za vidole zimekuwa nyeupe kwa kung'ang'ania, goti moja linatetemeka, anachungulia sakafu kama mtu aliyepanda juu ya paa ngazi ikaondolewa. Kisha akaanza kilio kile kile cha usiku. Kile kile!

Godoro tumeshusha sasa hivi.

#20 Bibi_Wajukuu_Saba
Marahaba. Umemwona mwenyewe.

#21 Nesi_Mstaafu
Bibi umetufunika. Ila narudi nyuma kidogo: Baba_Wawili, *mto wa nini* kwa mtoto wa miezi 10? Mwaka wa kwanza godoro gumu lililo sawa, shuka lililobana, basi. Hakuna mto, blanketi zito wala midoli ya manyoya. Unamlaza chali. Akishajua kujigeuza pande zote mbili mwenyewe huna haja ya kumrudisha usiku kucha.

#22 Baba_Wawili
Nilijua utaliona. Ulikuwa wa kaka yake. Umeshaondolewa, usinichape.

#23 Hesabu_za_Usiku
Naona watu wanazungumzia usiku tu. Mchana analala mara ngapi, na la mwisho linaisha saa ngapi? Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unasema miezi 4 hadi 11 wanahitaji saa 12 hadi 16 kwa siku nzima, mchana ukiwemo. Ni kapu moja. Akichota nyingi mchana, usiku zinapungua.

Wa kwangu alikuwa analala jioni mpaka saa 12, halafu mimi nataka saa 2 alale tena. Nilipoandika kwenye karatasi kwa siku tano ndipo nikaona. Nikamhamishia la mwisho liishe saa 10.

Jambo la pili: wote tunazinduka katikati ya usiku, watoto mara nyingi zaidi kwa sababu mzunguko wao wa usingizi ni mfupi, kama saa moja hivi. Aliyelala begani mwako akizinduka anatafuta bega. Ni kama kusinzia kwenye basi umeegemea mtu, unashtuka mtu ameshashuka. Mlaze akiwa mzito wa usingizi lakini bado anajua anawekwa wapi.

#24 Kidawa_K
"Mzito wa usingizi lakini bado anajua." Hayo maneno nimeyasikia tangu nazaa, mtoto wa hivyo sijamwona. Wangu ana hali mbili tu: macho yote au amezimika.

#25 Mnyonyeshaji
Nimtetee #1 kwa jirani yake. Maziwa ya mama hayachakai wala "hayawi mepesi" mtoto akikua. WHO inashauri maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha pamoja na chakula mpaka miaka 2 au zaidi. Kinachobadilika ni mtoto: akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapungua kwenye miezi 6, ndiyo maana chakula chenye chuma kinahitajika.

Ila njaa siitoi kabisa. Umri huu mchana wana shughuli. Ananyonya kidogo, paka anapita, anageuka na chuchu mdomoni (mnaojua mnajua), ameacha. Usiku hakuna paka, anakuja kudai deni. Mimi nilianza kumnyonyesha mchana kwenye chumba chenye giza na kimya, mara za usiku zikapungua kutoka tano hadi mbili.

#26 Tamu_Chungu
Kijiko cha asali kabla ya kulala. Mama yangu alitufanyia wote.

#27 Nesi_Mstaafu
HAPANA. Chini ya miezi 12 asali hapewi, hata ya kupaka kwenye nyonyo ya kumtuliza. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa *Clostridium botulinum*. Tumbo lako wewe linazimudu, la mtoto bado, zinaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumua. Kuichemsha jikoni hakuziui.

#28 Tamu_Chungu
Duh. Na sisi wote tuko hai.

#29 Kauzu
Waliokufa hawaandiki humu, mkuu.

#30 Fundi_Mitego
Najaribu tena baada ya kuangushwa pale #3. Mchosheni mchana. Mwekeni kwenye kile kigari chenye magurudumu, anakaa katikati anajisukuma kwa miguu. Jioni hana betri.

#31 Baba_Wawili
Fundi, leo si siku yako. Kanada ilipiga marufuku hivyo vigari mwaka 2004. Mtoto anashika kasi kuliko wewe unavyoweza kunyanyuka kwenye kiti, na ngazi hazimsubiri. Na havimfundishi kutembea, anajifunza kusukuma kwa ncha za vidole. Mweke sakafuni.

Na kuhusu betri, kwa kuwa umezitaja: zile bapa za duara kama kifungo, za rimoti na midoli, hakikisheni vifuniko vina skrubu. Ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Sitaki kuhamisha uzi, nimesema tu.

#32 Mzee_wa_Kukoroma
Swali tofauti. Mke wangu anasema najifanya sisikii mtoto akilia. Wallahi sisikii. Kuna mwenzangu?

#33 MamaPacha
Simu ikitoa mlio wa bao unasikia?

#34 Mzee_wa_Kukoroma
Hilo ni suala jingine.

#35 Hesabu_za_Usiku
Sisi tuligawana, si kwa zamu ya "nani kasikia kwanza" bali kwa saa. Mpaka saa 7 usiku wangu, baada ya hapo wake. Asiye zamu analala chumba kingine na mlango umefungwa. Saa tano za mfululizo zinarudisha akili kuliko nane za vipande. Na tulibadilishana pande: aliye zamu ndiye anayelala karibu na mtoto. Mume wangu naye alikuwa "hasikii". Upande huu alisikia.

#36 Nusu_Usingizi
Nimerudi na mrejesho, siku 8 zimepita. Asanteni wote.

Masikio safi, daktari ameangalia yote mawili. Uzito uko vizuri. Mazoezi ya kukaa tumefanya kila siku, baba yake anahesabu kwa sauti. Siku ya tatu alishuka mwenyewe, akakaa kishindo, akatutazama kama anasubiri mshahara. Usiku huo aliamka mara mbili tu! Tukaogopa hata kuzungumza kwa sauti. Wa nne mara mbili. Wa tano mara *sita*. Wa sita mara tatu. Na jana asubuhi kijiko kimegonga kitu kinywani: jino la juu limechomoza.

#37 MamaPacha
Nilisema nini? #2. Someni #2.

#38 Bibi_Wajukuu_Saba
Na zile mbili za usiku wa tatu zilikuwa za jino?

#39 Nusu_Usingizi
Subirini, kuna zaidi. Usiku wa sita ilikuwa zamu ya mume wangu (tumechukua mpango wa #35). Alichelewa kunyanyuka, mtoto akalia kama dakika nne, kisha akasikika kishindo cha makalio, kimya. Alipofika akamkuta amelala. Sasa anatembea na kifua mbele, anasema alimwacha makusudi.

#40 Kauzu
Mpe salamu zangu.

#41 Kidawa_K
Alisinzia huyo, hakumwacha.

#42 Mnyonyeshaji
Mchana unamnyonyesha wapi siku hizi?

#43 Nusu_Usingizi
Chumbani, pazia limefungwa. Nalo nimeanza siku ya tatu hiyo hiyo. Na lala ya jioni tumeisogeza. Ndiyo, najua, nimebadilisha mambo manne kwa mpigo, hakuna atakayejua kilichosaidia.

#44 Msomaji_Tu
Katika utafiti ungefukuzwa.

#45 Nusu_Usingizi
Katika utafiti wanalala.

#46 Bibi_Wajukuu_Saba
Mwezi ujao ataanza kutembea akishika kuta. Uniite.

#47 Mgeni_Humu
Nimesoma uzi wote. Wangu ana miezi 7, analala usiku mzima bila shida yoyote. Nifanye nini kujiandaa?

#48 Nusu_Usingizi
Funga simu. Lala sasa hivi.